Gari likigongana na baiskeli Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nani analipa

Haya ni maswali yanayorudi kila mara. Yanatoka kwa wauza maziwa wanaoingia mjini asubuhi kutoka Kisesa na Usagara, kwa madereva wa Barabara ya Makongoro na ya Kenyatta, na kwa ndugu waliokaa nje ya wodi Bugando au Sekou Toure hawajui waanzie wapi. Sheria inayozungumzwa ni ya Tanzania Bara. Namba za vifungu zimeachwa makusudi: Sheria Zilizorekebishwa, Toleo la 2023, zilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na namba nyingi za zamani zimehama. Majina ya sheria yenyewe yametajwa.

## Msingi wa mambo

1. Ni kweli mwenye gari ndiye mwenye makosa siku zote?

Hapana. Imani hii utaisikia vijiweni kuanzia Buzuruga hadi Nyegezi, na imewaangusha wengi waliokwenda mahakamani mikono mitupu. Ukubwa wa chombo haumtii mtu hatiani. Anayedai fidia ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba mwenzake alifanya uzembe, na kwamba uzembe huo ndio uliomletea madhara.

Ziko nchi zilizochagua njia nyingine. Uholanzi, dereva akimgonga mwendesha baiskeli hubeba mzigo wa fidia mpaka athibitishe kwamba tukio lilikuwa nje kabisa ya uwezo wake. Mtu akikusimulia alichosoma mtandaoni kuhusu "sheria ya baiskeli", muulize kwanza ni ya nchi gani. Kwa maoni yangu utaratibu ule ungetufaa, hasa kwa barabara zetu ambazo baiskeli, bajaji na lori la mchanga hugombea ukanda mmoja. Lakini haupo kwetu, na hakimu hawezi kuutumia kwa sababu tu unapendeza.

Ukweli uliomo ndani ya imani ile ni mdogo lakini una uzito: dereva wa gari ndiye mwenye uwezo wa kuua, kwa hiyo mahakama humtarajia achukue tahadhari zaidi anapomwona mtu asiye na kinga yoyote.

2. Baiskeli inahusika na sheria za barabarani?

Inahusika. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inampa mwendesha baiskeli haki na wajibu kama watumiaji wengine wa barabara. Anatakiwa kukaa kushoto, kutii taa na ishara za trafiki, kuwa na breki zinazoshika na kuonekana usiku. Hahitaji leseni ya udereva wala bima. Hilo la bima lina matokeo yake. Tazama swali la 20.

3. Kwa nini naambiwa kuna kesi mbili wakati ajali ni moja?

Kwa sababu kila kesi ina mwenyewe. Ya kwanza ni ya jinai: Jamhuri dhidi ya dereva, kwa kosa kama kuendesha kwa uzembe, kuendesha kwa hatari, au kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Huko adhabu ni faini, kifungo au kunyang'anywa leseni, na faini inaingia serikalini. Wewe uliyevunjika mguu ni shahidi tu.

Ya pili ni ya madai. Hiyo ni yako, unaifungua wewe, na ndiyo inayoleta fidia. Wengi husubiri kesi ya jinai iishe wakidhani pesa zitatoka humo. Kweli mahakama ya jinai ina mamlaka ya kuamuru fidia baada ya kumtia mtu hatiani, lakini ni hiari yake. Usiweke maisha yako juu ya hiari hiyo.

4. Mahakama inapimaje uzembe?

Inajiuliza dereva makini angefanya nini mahali pale, saa ile. Ndani ya maeneo ya makazi kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Aliyekuwa juu ya hapo ameshaanza vibaya. Vivyo hivyo aliyelewa (kikomo cha jumla ni miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu), aliyekuwa kwenye simu, aliyeovateki kwenye kona, na aliyemchomekea mwenye baiskeli ili awahi abiria kituoni.

Kwa upande wa baiskeli maswali ni yaleyale: alikata kona bila kutoa ishara? Alitokea uchochoroni bila kuangalia? Alikuwa anashuka mteremko wa Isamilo na baiskeli isiyo na breki?

## Saa za kwanza

5. Nimemgonga mwenye baiskeli na watu wanajaa. Nisimame au niondoke?

Sheria inataka usimame, uangalie hali ya majeruhi, usaidie afike hospitali, utoe jina lako na maelezo ya gari, na uripoti polisi mapema iwezekanavyo. Kukimbia ni kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Lakini sote tunajua umati wa watu wenye hasira unaweza kufanya nini. Kama maisha yako yako hatarini kweli, endesha moja kwa moja hadi kituo cha polisi kilicho karibu, ujisalimishe na ueleze kwa nini hukubaki. Waombe wakuandikie muda uliofika. Tofauti kati ya aliyekimbilia polisi na aliyekimbilia nyumbani inaonekana kwenye kitabu cha matukio cha kituo.

6. Nimegongwa. Nihifadhi nini?

Hapa ndipo kesi nyingi hushindwa au kushinda, kwa hiyo soma taratibu.

Kwanza namba ya gari. Kisha picha kabla vyombo havijasogezwa: baiskeli ilipolala, gari liliposimama, alama za matairi kwenye lami, vioo vilivyovunjika, mzigo uliomwagika. Kama huwezi kushika simu, mwombe mtu yeyote apige na akutumie. Kama kuna bandiko la bima kwenye kioo cha mbele, nalo lipigwe picha.

Pili mashahidi. Abiria wa daladala watatawanyika ndani ya dakika chache; mama ntilie wa pale kandokando na vijana wa kijiwe cha bodaboda watakuwepo hata mwezi ujao. Chukua majina na namba zao. Angalia pia kama kuna kamera kwenye sheli au benki iliyo karibu, na uwaambie polisi mapema, maana picha za kamera hufutika zenyewe baada ya muda.

Tatu, baiskeli. Usiipeleke kwa fundi! Rimu iliyopinda upande wa nyuma inaonyesha uligongwa ukitokea nyuma, na hakuna maneno ya dereva yatakayoinyoosha. Ikiwa polisi wanaichukua kama kielelezo, ipige picha kwanza. Ikiwa hawaichukui, ifungie nyumbani ilivyo mpaka mambo yaishe.

Trafiki atachora mchoro wa eneo la ajali. Ukiwa na nguvu, simama naye, onyesha ulipokuwa. Ukiambiwa usaini mchoro au maelezo, soma kwanza. Kama hujui kusoma, usomewe na mtu wako.

7. Bila PF3 hospitali watanitibu?

PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kueleza majeraha, na bila hiyo utapata shida ya kuunganisha jeraha lako na ajali ile. Lakini mgonjwa anayevuja damu apelekwe hospitali kwanza; ndugu mmoja afuatilie fomu kituoni huku mwingine akiwa na mgonjwa. Ikishajazwa, toa nakala kabla hairudi polisi.

8. Trafiki alimwandikia dereva faini ya papo hapo. Ndiyo imeisha?

Haijaisha. Ile faini ya Sh 30,000 ni kati ya dereva na serikali kwa kuvunja kanuni ya barabara. Haikulipi chochote na haikunyimi chochote. Kumbuka tu kwamba risiti ya faini si hukumu ya mahakama, kwa hiyo haina nguvu inayoelezwa kwenye swali la 18.

9. Dereva ananipa laki moja tuyamalize hapa hapa. Nichukue?

Kuchukua msaada wa matibabu si kosa. Kosa ni kuuza dai lako lote kwa bei ya siku ya kwanza. Mwili una moto bado, unasema "niko sawa kaka, nimechubuka tu", na usiku ndipo mbavu zinaanza kusema. Laki ile inaishia kwenye picha ya eksirei, dawa na nauli, na wewe bado hujarudi kwenye biashara.

Kwa hiyo pokea, lakini muandikishane kwamba ni malipo ya awali ya matibabu. Kaa mbali na karatasi yenye maneno "sina madai yoyote sasa na baadaye". Karatasi ya namna hiyo, ikiwa imesainiwa na mtu mwenye akili timamu bila kushurutishwa, inaweza kufunga mlango. Kama kweli mnataka kumaliza nje ya mahakama, jambo ambalo mara nyingi lina busara, subirini daktari aseme hali imetulia. Kisha andikeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili kiasi chote, tarehe za kulipa, na kitakachofuata asipolipa.

Na wewe dereva: makubaliano yenu hayaifuti kesi ya jinai, hasa kukiwa na kifo au majeraha makubwa. Msamaha wa majeruhi unaweza kupunguza adhabu. Kuiondoa kesi ya jinai mahakamani ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

10. Tajiri (mwenye gari) alileta jeneza, mchele na hela ya msibani. Je, amekiri? Au sisi tumeshalipwa?

La kwanza hapana, la pili hapana. Kwa desturi zetu mtu huenda kuhani hata kama hana hatia, na mahakama inalijua hilo. Rambirambi si fidia mpaka muandikishane hivyo. Itakayohesabiwa baadaye ni gharama ya mazishi: huwezi kudai bei ya jeneza ambalo yeye ndiye aliyelinunua.

## Nani hasa anatoa pesa

11. Nimshtaki dereva, mwenye gari, au kampuni ya bima?

Dereva ndiye aliyetenda, kwa hiyo yumo siku zote. Mwenye gari anaingia pale dereva alipokuwa akifanya kazi ya huyo mwenye gari, awe ameajiriwa naye au la. Daladala inayopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni iko humo bila ubishi mkubwa. Aliyemwazima rafiki gari aende harusini kwa mambo yake mwenyewe kwa kawaida hawajibiki, na aliyeibiwa gari hawajibiki.

Kampuni ya bima ni habari nyingine. Kwa Sheria ya Bima za Magari, Sura ya 169, wajibu wake wa kulipa unakuja baada ya wewe kupata hukumu dhidi ya mteja wake, na lazima iwe imepewa taarifa ya kesi. Peleka taarifa hiyo kwa maandishi kabla ya kufungua kesi, upate muhuri wa kupokelewa. Hakuna kinachokuzuia kujadiliana nayo mapema. Madai mengi yaliyoandaliwa vizuri huishia mezani.

12. Dereva mwenyewe hakuwepo, aliyekuwa anaendesha ni deiwaka (dereva wa kushikilia kwa siku). Tajiri anasema hamjui.

Swali la nyumba nyingi za Mwanza hili. Tajiri kutomjua deiwaka hakumwokoi moja kwa moja. Mahakama itauliza: gari lilikuwa kwenye kazi ya nani saa ile? Kama lilikuwa kwenye ruti yake, likibeba abiria, na mapato ya siku yalikuwa yanakwenda kwa tajiri, kuna hoja nzito kwamba lilikuwa kazini kwake. Kama deiwaka alilichukua usiku kwenda kilabuni, hoja hiyo inadhoofika.

Kwa hiyo tafuta ushahidi wa kazi: kondakta, abiria, msimamizi wa kituo, hata ujumbe wa simu wa kutuma hesabu.

13. Gari lina bima ndogo tu. Inanitosha mimi niliyegongwa?

Ndiyo, na hiyo "ndogo" ndiyo iliyowekwa kwa ajili yako. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima na inagusa kifo na majeraha ya watu waliogongwa. Bima kubwa inaongeza ulinzi kwa gari la mwenyewe. Kuhusu baiskeli yako na mzigo, itategemea mkataba wa bima ile.

Uhai wa bima unaweza kuuhakiki kwa namba ya gari kupitia mfumo wa mtandao wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Kampuni ikikuzungusha, malalamiko yapelekwe TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

14. Na kama halina bima kabisa?

Mwenyewe ametenda kosa, lakini deni lako halifi. Litakamatwa kwenye mali za dereva na mmiliki, gari lenyewe likiwemo. Ugumu ni kwamba gari huuzwa haraka baada ya ajali. Pata kumbukumbu za usajili mapema, na muulize mwanasheria kuhusu amri ya kuzuia lisiuzwe.

## Kiasi cha fidia

15. Naweza kudai vitu gani?

Kuna mafungu mawili. La kwanza ni hasara unayoweza kuihesabu: matibabu, dawa, nauli za kliniki, baiskeli, maziwa yaliyomwagika, kipato cha siku ulizolala. Fungu hili linatajwa kwa tarakimu kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa karatasi. Bila risiti, hakimu mwenye huruma kabisa atalikata. Fundi baiskeli hana mashine ya EFD, sawa, basi aandike kwa mkono tarehe, kifaa, bei, jina na saini, na awe tayari kuja kusema.

Kipato ndicho kinachowashinda watu. Muuza dagaa anayechukua mzigo mwaloni Kirumba hana hati ya mshahara. Lakini ana mwenye mzigo anayemkopesha, ana miamala ya simu, ana daftari la wadaiwa. Vyote hivyo ni ushahidi.

La pili ni maumivu, ulemavu, kovu, kupoteza uwezo wa kazi uliyoizoea. Hapo hakuna risiti. Mahakama hukadiria yenyewe ikiongozwa na ripoti ya daktari.

16. Sikuwa na taa na nilibeba magunia mawili ya mkaa. Nimepoteza haki?

Hujapoteza, imepungua. Sheria ya Marekebisho ya Sheria (Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo), Sura ya 310, inaruhusu lawama kugawanywa. Tuseme hasara yako yote ni Sh 10,000,000 na mahakama inaona asilimia 30 ya ajali ilitokana na wewe kutoonekana gizani. Utapata Sh 7,000,000.

Lakini kosa lako lazima liwe limechangia ajali. Kukosa taa saa nne asubuhi hakuna maana yoyote. Magunia yanahesabika kama yalikuyumbisha mpaka ukaingia mbele ya gari. Kama gari lilikuparamia ukiwa pembeni kabisa, magunia ni kelele za dereva tu. Wanasheria wa bima hupenda sana kuanza na taa na mzigo, kwa hiyo jiandae kueleza ulikuwa sehemu gani ya barabara.

17. Aliyegongwa amefariki, au ni mtoto. Nini kinabadilika?

Kwa aliyefariki, Sura ya 310 inawapa wategemezi (mke au wake, mume, watoto, wazazi) haki ya kudai riziki waliyokuwa wakiipata kwake. Familia ikae kikao, iteue msimamizi wa mirathi na kumthibitisha mahakamani, maana kwa kawaida ndiye anayefungua kesi. Cheti cha kifo, ripoti ya daktari, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na cha ndoa vianze kutafutwa mapema. Ndugu wanaogombania fidia kabla haijatoka huchelewesha kesi kuliko wakili yeyote wa upande wa pili.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi anafungua kwa niaba yake. Lawama ya mtoto hupimwa kwa umri: wa miaka 6 anayekimbiza gurudumu hatapimwa kama mtu mzima, na dereva anayepita jirani na shule anatakiwa kulitarajia hilo.

## Mahakamani

18. Dereva ametiwa hatiani kwenye jinai. Inanisaidia?

Sana. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita au rufaa ikishaamuliwa, huchukuliwa kama uthibitisho kamili wa hatia ya kosa lile. Omba nakala iliyothibitishwa ya hukumu. Kazi inayobaki ni kuonyesha hasara.

Ndiyo maana dereva anayekiri kosa haraka ili alipe faini arudi barabarani ashauriwe vizuri kabla. Amekiri zaidi ya anavyodhani. Akiachiwa huru, sheria hiyohiyo inasimama upande wake kwa kosa lile la jinai. Bado unaweza kudai uzembe, kwa kuwa kipimo cha kesi ya madai ni chepesi zaidi, ila utapanda mlima.

19. Nafungua wapi, ndani ya muda gani, na kama sina hela ya wakili?

Dai la madhara ya uzembe linafunguliwa ndani ya miaka 3 tangu ajali. Kwa mtoto, muda haumkimbii akiwa bado mdogo. Miaka 3 inaonekana mingi ukiwa hospitalini, kisha unashtuka imebaki miezi.

Mahakama ya Mwanzo si mahali pake. Nenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambazo kwa madai ya namna hii zina uwezo hadi Sh 200,000,000; zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Unaweza kufungua mahali ajali ilipotokea au anapoishi mdaiwa. Ajali ya Daraja la Kigongo–Busisi, kwa mfano, upande wa Kigongo ni Misungwi na upande wa Busisi ni Sengerema. Mchoro wa trafiki ndio utakaosema ni wapi, na kama huna uhakika fungua anapoishi mdaiwa.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na watoa huduma wa bure. Ulizia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata au halmashauri yako.

## Mazingira yasiyo ya kawaida

20. Baiskeli ndiyo iliyonikwangulia gari. Namdai nani?

Mwendesha baiskeli mwenyewe, na hana bima. Kama una bima kubwa, tumia hiyo. Kampuni ikitaka itamfuata yeye. Kuishikilia baiskeli yake mpaka alipe ni kujichukulia sheria mkononi, hata kama mtaa mzima unakuunga mkono.

21. Gari lilikuwa limesimama, mlango ukafunguliwa, nikaugonga.

Anayefungua mlango kuelekea barabarani ana wajibu wa kuangalia kwanza. Kondakta wa hiace aliyefungua akiwa kazini anamwingiza mwajiri wake. Abiria wa gari binafsi anawajibika mwenyewe, na dereva anaweza kuingia kama alisimama mahali pasiporuhusiwa.

22. Gari ni la serikali au la halmashauri.

Kabla ya kufungua kesi unatakiwa kutoa notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye pia ataunganishwa kwenye kesi. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 2020 serikali za mitaa nazo zimeingizwa kwenye utaratibu huu. Ukiruka notisi, kesi itatupwa hata kama gari lilikuparamia mchana kweupe.

23. Lori lina namba za Rwanda au Uganda na kesho linavuka mpaka.

Liwahi leo. Malori ya nchi jirani hutembea na kadi ya njano ya COMESA, ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayokubalika katika nchi zilizojiunga na mpango huo. Tanzania imo, ingawa ilijitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Piga picha ya kadi hiyo, leseni ya dereva na namba za kichwa na za tela, maana huwa tofauti.

24. Nilikuwa abiria kwenye keria.

Lawama ya anayekuendesha si yako. Unaweza kumdai dereva wa gari, aliyekuendesha, au wote wawili. Kwa vitendo fuata upande wenye bima.

25. Nilikuwa kazini nikipeleka barua za ofisi.

Mwambie mwajiri aripoti kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Kule huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Wala hilo peke yake haliondoi uzembe wa dereva. Muulize mwanasheria namna ya kuyapanga madai yote mawili ili usidai hasara ileile mara mbili.

26. Ajali ilitokea ndani ya uwanja wa mwalo, si barabarani. Bima inakataa.

Uzembe ni uzembe popote, kwa hiyo dai dhidi ya dereva lipo palepale. Bima ya lazima ndiyo inayohusu matumizi ya gari barabarani, na barabara kwa maana hiyo inaingiza pia njia ambazo watu wote wanapita. Uwanja wa mwalo ambao wachuuzi, wavuvi na magari ya samaki huingia na kutoka siku nzima bila kuzuiwa unaweza kuhesabiwa. Ua wa kiwanda wenye geti na mlinzi ni vigumu. Piga picha za mlango wa kuingilia, kibao kama kipo, na watu wanavyopita, kisha uiambatishe na barua yako kwa kampuni.

27. Gari limekimbia na hakuna aliyeshika namba nzima.

Ripoti hata kwa nusu ya namba, rangi na aina. Vipande vya taa na kioo vilivyobaki barabarani vikabidhiwe polisi, kwa sababu mara nyingi vinaonyesha ni gari gani. Pita pia kwa mafundi wa bodi na wauza spea, ukiwa na polisi au kwa kuwapa polisi taarifa: mtu aliyevunja taa ya kushoto atahitaji taa ya kushoto wiki hiyohiyo.